Jibu: Umri wa mwenza na VVU
Umeuliza kama binti anayetembea na mtu mzima huambukizwa zaidi kwa sababu ya umri wenyewe. Virusi havisomi cheti cha kuzaliwa. Tatizo ni kundi analotoka mwanamume. Wa miaka 19 mara nyingi bado hana maambukizi. Wa miaka 30 mara nyingi amepitia wapenzi wengi zaidi, na kama ana VVU lakini hajapima wala kuanza ARV (dawa za kufubaza VVU), virusi mwilini mwake huwa vingi.

Utafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uliochapishwa 2017, ulilinganisha vinasaba vya virusi: virusi vya wasichana chini ya miaka 25 vilifanana sana na vya wanaume waliowazidi kwa wastani wa miaka 9 hivi. Virusi vya baadhi ya wanaume haohao vilifanana pia na vya wanawake wa miaka 25–40. Binti aliyeambukizwa akikua huingia kundi hilo la wanawake, wanaume wa rika lake huambukizwa, nao hutembea na mabinti wengine: mzunguko unaendelea.

Kondomu hukwama hapa: anayelipa kodi ya chumba ndiye mwamuzi. Ndiyo maana PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya ngono, ambayo binti huimeza bila kuomba ruhusa ya mtu, ina uzito. Kondomu ikipasuka, PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU baada ya tukio, ianze ndani ya saa 72, imezwe siku 28. Na “fataki” (mwanamume mtu mzima anayetembea na mabinti) mwenye VVU anayemeza ARV vizuri, kipimo kikionyesha virusi havionekani, hamwambukizi kwa ngono, hata akimzidi miaka 20.