Milioni 30 za ukarabati: usianze na vigae

Dada, umeuliza ugawe vipi shilingi milioni 30 kukarabati ndani ya nyumba yako yote ya vyumba vitatu hapo Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, na kama uanze na vigae. Hapana. Kwanza mlete fundi umeme na fundi bomba wakague. Bomba likivuja chini ya sakafu mpya, utavunja ulichokwisha kulipia. Mimi yalinikuta bafuni: vigae havijamaliza wiki tatu, nikavibomoa kwa nyundo mwenyewe, roho inaniuma.

Halafu shika tepu, pima. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Nunua vigae vya mita za mraba 22, maana vingine hukatwa, vingine huvunjika, na ukirudi dukani baada ya mwezi huenda rangi isifanane. Mbao zitafute Ndeeba, mtaa wa Kampala, na ulizia maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Uliza pia kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 imo kwenye bei.

Milioni 4 zifiche kwa dharura, hata fundi asijue zipo. Yeye mlipe kwa hatua. Vifaa nunua wewe. Kabati za jikoni? Zingoje mwakani.