Kuvisha bomba la maji ya moto linalotoka kwenye jiko la kuni la nje

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Njombe. Maji ya kuoga tunachemsha kwa jiko la kuni lililo nje. Yanapanda kwenye pipa la lita 200 lililo kwenye kichanja kando ya jiko, kisha yanashuka kwenda vyumbani kwa bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la robo tatu ya inchi, mita 22, lililopita juu ya nguzo uani. Kwenye pipa maji yanaunguza, bafuni yanafika vuguvugu, na kuanzia Juni hadi Agosti wageni wananilalamikia kila asubuhi. Nililizungushia bomba sponji ya godoro na magunia nikafunga kwa kamba. Baada ya masika hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo, na bomba limeanza kushika kutu. Nilivishe nini, na kwa unene gani? Au ning'oe GI niweke PPR, yaani bomba la plastiki?

JIBU: Marahaba. Kabla hujanunua chochote, fanya kipimo cha ndoo. Asubuhi, pipa likiwa limeshika moto, fungua maji ya bafu la mwisho kabisa na ukinge kwenye ndoo ya lita 10, moja baada ya nyingine. Bomba la robo tatu hubeba karibu lita 0.37 kwa kila mita, kwa hiyo mita zako 22 zina lita 8 hivi. Ndoo ya kwanza ikiwa baridi na ya pili ikawa moto, hayo ya kwanza ni maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Ndoo ya pili na ya tatu zikiendelea kuwa vuguvugu, basi ama maji yanapozwa njiani, ama yanatoka kwenye pipa yakiwa tayari yamechanganyika na ya baridi.

Hilo la kuchanganyika watu hulisahau, na hakuna sponji inayolitibu. Bomba la moto litoke sentimita chache tu chini ya mfuniko wa pipa, na la baridi liingie karibu na kitako. Kama maji ya baridi yanamwagika kwa juu kupitia boya, kila mgeni anapooga maji ya moto yaliyo juu yanaharibiwa. Ongeza kipande cha bomba ndani ya pipa kiyateremshe hadi sentimita 10 kutoka kitakoni.

Sasa tuje kwenye bomba. Chukua maji ya nyuzi 65 na hewa ya nyuzi 10. Bomba tupu la robo tatu, hewa ikiwa imetulia, hupoteza takribani wati 55 kwa kila mita, yaani karibu wati 1,200 kwa mita zako zote. Upepo ukipuliza, kiasi hicho chaweza kuzidi maradufu. Likivishwa milimita 19 za sponji nzuri iliyo kavu, upotevu hushuka hadi wati 13 hivi kwa mita. Mgeni akioga kwa lita 6 kwa dakika, bomba tupu humpunguzia nyuzi 3 tu. Lakini maji yakitiririka kidogokidogo, lita 2 kwa dakika, atapoteza nyuzi 8 au 9. Maji yaliyosimama ndani ya bomba tupu hushuka kutoka nyuzi 65 hadi 40 kwa muda wa dakika 25 hivi. Bomba lililovishwa hukaa saa moja na nusu. Kwa hiyo likivishwa vizuri, wageni wanaofuatana asubuhi hawatakuwa wanamwaga lita 8 kila mmoja. Lakini wa kwanza kuoga saa 11 alfajiri bado atakutana na maji yaliyolala. Huyo mwekee ndoo ya kukingia, au sogeza pipa karibu na vyumba.

Kilichokuponza ni maji ya mvua. Sponji ya godoro ina matundu yaliyo wazi, inanyonya kama kitambaa cha kudekia. Kinachozuia joto ndani ya sponji ni hewa iliyonaswa. Maji yakichukua nafasi ya hewa, joto linapita. Gunia lililolowa juu ya bomba la moto linakausha maji kwa joto la bomba lako, ukipenda usipende, na linaweza kulipoza kuliko kama lingekuwa tupu. Unyevu huo huo ndio uliokula bomba. Toa vyote leo, na usivirudishe hata vikikauka.

Nunua sponji nyeusi ya mpira, ile ambayo mafundi wa viyoyozi huvisha mabomba ya shaba. Matundu yake yamefungwa, hainyonyi maji kirahisi, na nyingi huvumilia hadi nyuzi 105. Huuzwa kwa kipenyo cha nje cha bomba la shaba, kwa hiyo usiombe "robo tatu", utapewa ndogo. Bomba lako la GI lina kipenyo cha nje cha milimita 26.9, omba ya milimita 28, ambayo dukani huitwa inchi moja na moja ya nane. Kipande kimoja aghalabu kina mita 1.83. Chukua vipande 14: vitatosha mita 22 pamoja na vya kukatia kona. Unene uwe milimita 19. Ukikosa, visha tabaka mbili za milimita 13, ya pili ikiwa ya tundu la milimita 54, na maungio ya tabaka ya juu yasiangukie juu ya maungio ya ile ya chini.

Mabomba mawili yanayounganisha jiko na pipa usiyavishe sponji hiyo. Hapo maji hufika kuchemka, ambapo kwenye mwinuko wa Njombe, kama mita 2,000, ni nyuzi 93 hivi, na chuma kilicho karibu na moto huwa cha moto zaidi ya maji. Sponji itasinyaa, itanuka, na ikiguswa na ndimi za moto itawaka. Tumia pamba ya mawe, ambayo mafundi wa majiko huiita rokiwuli, unene wa milimita 40 au 50, ifungwe kwa waya laini wa kufungia nondo. Vaa glavu na barakoa unapoikata. Pipa nalo livishe pamba hiyo hiyo milimita 50 pande zote na juu. Pipa tupu la lita 200 lina eneo la mita za mraba 2 hivi, na kwa hali ile ile ya nyuzi 65 na 10 hupoteza joto linalolingana na la bomba lako lote la mita 22, au zaidi. Nikiambiwa fedha inatosha kimoja tu, ningevisha pipa kwanza.

Usiguse bomba la kupumulia lililo juu ya pipa. Lipande juu kuliko usawa wa maji ya tanki la baridi, libaki wazi, lisiwekewe koki wala kizibo cha tambara kwa kuogopa vumbi. Jiko la kuni halina swichi ya kuzima moto maji yakishachemka. Mvuke ukikosa njia, pipa linapasuka.

Kazi yenyewe ianze na bomba likiwa tupu na baridi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, futa, paka mikono miwili ya rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Halafu washa jiko mara mbili, siku mbili tofauti, bomba likiwa bado uchi, ukague kila maungio. Maungio ya kuskrubu yasiyovuja yakiwa baridi huanza kudondosha baada ya kutanuka na kusinyaa mara kadhaa, na tone lililofichwa chini ya sponji hulionekani mpaka bomba limeoza.

Sponji unaweza kuipasua kwa urefu kwa kisu kikali. Paka gundi ya viatu kingo zote mbili, subiri hadi ukiigusa isishike kidole, ndipo uzibane. Ncha za vipande nazo zigundishwe; mwanya wa sentimita moja kila mita mbili unarudisha sehemu ya hasara uliyoikimbia. Usitegemee tepu peke yake, joto huikausha gundi yake ikafunguka. Kwenye elbo kata kwa pembe ya nyuzi 45 uunganishe. Baada ya hapo usiwashe jiko kwa siku moja na nusu, gundi ikomae.

Juu ya nguzo ndipo kazi nyingi huharibikia. Bomba likifungwa kwa waya juu ya sponji, sponji inabanwa ikabaki nyembamba kama karatasi. Weka chini yake kipande cha bati kilichokunjwa nusu duara, urefu wa sentimita 20, kigawanye uzito, na kifungio kipite nje ya kila kitu bila kukaza. Acha bomba liteleze: GI la mita 22 likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 65 hurefuka milimita 13.

Hapa ndipo lilipo jibu la PPR. Kwa joto hilo hilo ingerefuka karibu milimita 165, ikajipinda kama nyoka kati ya nguzo. Tena si ya kutumiwa mfululizo zaidi ya nyuzi 70, na jua huiharibu. Bado ungetakiwa kuivisha. Baki na GI.

Sponji nyeusi nayo ikiachwa juani hupasuka, na kuku huidonoa. Ifunike kwa bati bapa la geji 28 au 30. Sponji ya milimita 19 ikishavaa bomba ina mzingo wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo kata vipande vya upana wa sentimita 24. Bati moja la futi 8 kwa 4 hutoa vitano, na mabati mawili yanatosha mita 22. Anza kuvisha upande wa chini wa mteremko ukipanda, kila kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 5, kama unavyoezeka. Mshono wa urefu ukae ubavuni ukielekea chini, kamwe usikae juu. Riveti ziwe fupi zisichome sponji. Ncha zote, hasa pale bomba linapoingia ukutani, ziba kwa silikoni.

Likiisha, maji yatafika bafuni yakiwa moto kuliko wageni walivyozoea. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto upesi zaidi; hakikisha kila bafu lina maji ya baridi ya kuchanganya, na mgeni aambiwe.

Bomba la baridi linaloshuka kutoka tankini lisisahaulike. Usiku wa anga safi wa Juni na Julai, chuma kilicho wazi hupoa kuliko hewa, na bomba jembamba linaweza kushika barafu. Lifukie sentimita 30 au livishe milimita 13. Asubuhi ya sakitu, yaani umande ulioganda, anayewasha jiko afungue kwanza maji ya moto uani. Yasipotoka, asiwashe, kwa sababu huenda pipa halipokei maji.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, fungua bati la kipande kilicho chini kabisa uingize kidole. Ukikuta unyevu, tafuta mshono ulio juu yake uuzibe kabla ya kuwasha tena.