Linki 2,000 za kununua na linki 40 za jirani

SWALI: Nina kampuni ndogo hapa Moshi, tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Miezi mitano iliyopita nilinunua linki 2,000 zielekezwe kwenye tovuti yangu. Hadi leo niko ukurasa wa nne wa Google. Jirani yangu hapa hapa mjini ana linki hazifiki 40, naye yuko ukurasa wa kwanza. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa hela iliyokwenda. Ile orodha uliyoniambatishia nimeifungua, nikaingia kwenye linki 30 za mwanzo moja baada ya nyingine. Ya kwanza iko kwenye tovuti ya matairi. Ukurasa wenyewe una linki zaidi ya 300, na yako imebanwa kati ya kasino na dawa za kupunguza unene. Hakuna sentensi hata moja inayozungumzia mlima. Zilizofuata ni hivyo hivyo, na karibu zote zimebebeshwa maneno (yale mtu anayobofya) yale yale ya Kiingereza yenye maana ya "kupanda Kilimanjaro kwa bei nafuu". Watu mia tofauti wakikusifia kwa maneno yanayofanana herufi kwa herufi, nani ataamini kwamba hawakufundishwa?

Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipoanza kazi ya kupanga kurasa za mtandao wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1990, walichukulia linki kama kura, ila kura zisizolingana uzito. Ukurasa unaoelekezewa linki na kurasa nzito nao unakuwa mzito, na katika hesabu yao ya awali uzito huo unagawanywa kwa linki zote zinazotoka. Kwa hiyo kwenye ule ukurasa wa matairi, hata kama ungekuwa na uzito wa maana, fungu lako lingekuwa moja ya mia tatu. Na wenyewe hauna uzito, kwa sababu hakuna mtu anayeuelekezea chochote. Siku hizi Google inaangalia mambo mengi zaidi ya hayo, lakini linki ya mahali pasipojulikana bado haina cha kukupa.

Sasa tazama za jirani yako. Yumo kwenye orodha ya wanachama wa TATO, chama cha wenye kampuni za utalii. Yumo kwenye orodha ya KPAP, mradi unaofuatilia hali za wapagazi mlimani. Halafu kuna mgeni Mjerumani aliyepanda kwa njia ya Lemosho, akasimulia safari yake siku kwa siku, na katikati ya habari akamtaja jirani yako na kuweka linki. Hiyo ya tatu ndiyo ningeitamani kuliko zote. Iko ndani ya habari inayohusu mlima, msomaji wake anafikiria kuja, na atabofya kweli.

Usidhani ukubwa wa kampuni ungekuokoa. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba J.C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilikuwa likiongoza kwenye Google kwa bidhaa nyingi, huku maelfu ya linki zake zikiwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Kampuni ilisema haikuidhinisha jambo hilo. Google ilipochukua hatua, kwa utafutaji wa aina moja ya mabegi ya safari duka lilitoka namba 1 hadi namba 71 ndani ya saa mbili.

Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google ilileta Penguin, mfumo wa kukamata linki za ujanja. Tangu Septemba 2016 unafanya kazi wakati wote, na mara nyingi unazipuuza tu linki hizo badala ya kuishusha tovuti nzima. Naamini ndicho kilichokupata: hukuadhibiwa, umepuuzwa. Hata hivyo, ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, uangalie kama kuna ujumbe wa adhabu iliyotolewa na wakaguzi wao. Kama haupo, usihangaike na kile kifaa cha Google cha kuzikana linki, yaani kuiomba isizihesabu. Google wenyewe wanasema tovuti nyingi hazikihitaji, na ukikosea utazikana hata zile nzuri chache ulizonazo. Acha tu kununua. Na kama siku moja utalipia tangazo lenye linki, mwenye tovuti aiwekee alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba linki imelipiwa; hapo unakuwa umelipia wateja, na hakuna wa kukulaumu.

Kazi ya kufanya sasa unaijua kuliko mimi. Umeniambia umekuwa getini Machame miaka mingi ukiona mizigo ya wapagazi ikipimwa isizidi kilo 20. Andika ukurasa kuhusu hilo: mzani, kinachotolewa mzigo ukizidi, nani anaamua, na picha zako mwenyewe. Mgeni anayejali wapagazi hutafuta habari hiyo, na anayeandika kuhusu mlima atahitaji mahali pa kuwaelekeza wasomaji wake. Kisha waandikie wageni wako wa zamani wenye blogu, mmoja mmoja, kwa jina. Usiwaombe maneno maalumu ya kubebesha linki. Kila mmoja akutaje kwa namna yake. Kama unatimiza masharti ya KPAP, omba kuingia huko wiki hii.