Sumaku na umeme wa kichwani kwa kijana mwenye usonji: mambo ya kukagua kabla ya kukubali

Dada uliyeuliza kama mwanao wa miaka 15 mwenye usonji apelekwe kwenye tiba ya kusisimua ubongo bila upasuaji, iwe kwa mipigo ya sumaku kutoka koili (waya uliozungushwa) iliyowekwa juu ya kichwa au kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye sponji zilizowekwa kichwani: kwa usonji, hii bado ni tiba ya majaribio. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu sumaku kwa sonona ya watu wazima mwaka 2008, na kwa vijana wa kuanzia miaka 15 mwaka 2024, nako pia kwa sonona. Usonji haumo. Anayekuuzia kifurushi cha vikao na kuahidi mtoto ataanza kuongea, mkimbie.

Anza na kifafa. Wenye usonji hukipata zaidi ya watu wengine, na balehe ni mojawapo ya nyakati kinapojitokeza. Sumaku huamsha degedege mara chache sana, lakini huweza. Daktari aulize kama amewahi kuzimia au kukakamaa, anatumia dawa gani (bupropion na clozapine huongeza hatari), na usiku uliopita alilala kwa muda wa saa ngapi. Aliyekesha arudi nyumbani, hata kama kikao kimeshalipiwa. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa asiguswe na sumaku.

Nguvu ya sumaku haikisiwi. Hutafutwa kwanza kiwango kidogo kabisa kinachofanya kidole gumba kishtuke mara 5 katika mipigo 10, ndipo tiba ipangwe kwa asilimia ya kiwango hicho. Dawa zikibadilika, kipimo kirudiwe. Koili hugonga kwa mlio mkali, kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima. Kwa mtoto asiyevumilia kelele, mlio huo ndio unaokatisha tiba: omba rekodi yake, umzoeshe nyumbani kwa sauti ya chini, ukiipandisha kidogo kidogo.

Umeme mdogo unaonekana rahisi, na hapo ndipo watu huunguza watoto. Kawaida ni miliampia 1 hadi 2 kwa dakika 20, kupitia sponji mbili za sentimita 5 kwa 7. Sponji ikikauka au ikigusa kwa ukingo mmoja tu, umeme wote hujikusanya pale na ngozi huungua. Ikichuruzika, maji hupeleka umeme juu ya ngozi kutoka sponji moja hadi nyingine badala ya kuingia ndani. Ilowekwe kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, kisha ikamuliwe hadi isidondoke. Penye chunusi au mkwaruzo isiwekwe. Umeme upandishwe taratibu kwa sekunde 30 na ushushwe vivyo hivyo. Kuwashwa na wekundu kidogo ni kawaida. Maumivu yanayozidi, zima. Asiyeongea apewe kadi ya kusimamisha, na msimamizi atazame uso wake, si skrini. Vifaa vya kujivalisha kichwani nyumbani bila msimamizi, usinunue.

Kuhusu matokeo, wazazi huona nafuu hata mashine ikiwa bandia. Jaribio moja la Toronto, la sumaku ya hezi 20 (mipigo 20 kwa sekunde) kwa wiki 4 kwa wenye usonji wa miaka 16 hadi 35, halikupata tofauti ya jumla kati ya sumaku halisi na bandia katika uwezo wa kiutendaji wa akili, yaani kupanga mambo, kukumbuka hatua na kujizuia. Kwa hiyo chagua jambo moja linalohesabika, mfano mara ngapi anaanza kazi ya shule bila kuhimizwa. Mwalimu aliandike kila siku kuanzia wiki mbili kabla, na asiambiwe vikao vinaanza lini.