Ukikagua Sana, Huamini Tena

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: anashuka kwenye daladala kurudi nyumbani kuangalia gesi, na kila akifika anaikuta imefungwa. Anauliza kama ameanza kusahau.

Hujaanza kusahau, mdogo wangu. Mimi kazini niliitwa Bi Kufuli, na walioniita hivyo ni watu waliokula pilau kwangu. Mpaka leo linaniuma. Nilikuwa nafunga mlango, nalivuta kufuli, nafika getini, narudi nalivuta tena. Pasi hivyo hivyo, mtungi hivyo hivyo. Na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kutoamini.

Kumbe hilo lilishapimwa. Mwaka 2003 Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta, wawashe, wazime, wakague, tena na tena. Kundi jingine likawa linakagua taa. Mwishoni makundi yote mawili yalikagua jiko, na yote yalikumbuka vizuri walichofanya kwenye jiko mara hiyo ya mwisho, ila waliokagua jiko mfululizo hawakuiamini tena kumbukumbu yao. Picha kichwani ilikuwa imefifia. Mwaka 2006 Adam Radomsky na wenzake wa Montreal wakatumia jiko la kweli, na imani ikashuka vilevile. Jambo likirudiwa mno, mkono hujiendea wenyewe, na ya leo yanachanganyika na ya jana.

Mama yangu, mtu wa Tanga, akimwona mtu anarudia udhu humwambia kanuni ya mafakihi: yakini haiondolewi na shaka.

Basi funga mara moja, macho yakiwa kwenye swichi, kisha uondoke na shaka yako. Moyo utadunda, uache udunde. Usipige picha ya jiko, maana utahamia kukagua picha. Usirudi. Nasema tena, usirudi!

Kama kukagua kunakula saa nzima ya siku yako, nenda kitengo cha afya ya akili hospitalini. Tiba ipo tangu Victor Meyer alipoieleza mwaka 1966 huko London: unakutanishwa na unachokihofia, huruhusiwi kukagua, mpaka hofu ishuke.

Na wewe unayemcheka mwenzio akirudi mlangoni, muogope Mungu. Wala usimwambie "imefungwa, imefungwa" kila akiuliza, kwa sababu kesho atakuuliza tena. Mwambie "twende", halafu mwende.