Umefika dirishani huna viza: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: mgeni ametua Tanzania au amefika mpakani kwetu, viza hana, na mbele yake yupo afisa uhamiaji. Nimekaa upande wa pili wa kioo hicho miaka kumi na miwili, Namanga kwanza, baadaye uwanja wa ndege. Nitajibu kama ninavyoijua kazi yenyewe.

Rafiki yangu Mjerumani anakuja kunitembelea na hakuomba viza mtandaoni. Atarudishwa? (Moshi)

Hatarudishwa kwa sababu hiyo peke yake. Maombi ya mtandaoni yalianza mwaka 2018, lakini viza ya papo hapo bado hutolewa kwenye viwanja vikubwa vya ndege na mipaka mikuu. Mjerumani hulipa dola 50 kwa kuingia mara moja, akaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Mmarekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka. Mwambie abebe noti mpya mpya, kwa kuwa za kabla ya mwaka 2006 mara nyingi hukataliwa.

Akishuka atakutana kwanza na watu wa afya. Kama ametokea au amepitia nchi yenye homa ya manjano, wataulizia cheti cha chanjo. Cheti hicho tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote, ila huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo asichomwe jana yake. Baada ya hapo atajaza fomu, atalipa, atapewa risiti, kisha dirishani.

Afisa hakimbilii muhuri. Anaikunja pasipoti kidogo aone ushonaji wake, anaipitisha kwenye mwanga wa zambarau, anatazama kama imebakiza miezi sita na kama ina ukurasa mtupu. Halafu anafungua mihuri ya zamani mmoja mmoja, na hapo ndipo safari za mtu zinaposomeka. Vidole, picha, na maswali yanaanza: unakwenda wapi, unafikia kwa nani, unaondoka lini?

Wengi wanakwama hapo kwa kukosa maandalizi tu. Nimewahi kumweka benchi mzee wa watu karibu saa nzima kwa sababu alisema anafikia kwa rafiki, na jina la pili la huyo rafiki hakulijua. Hakuwa na kosa lolote, na bado nalikumbuka jasho lake. Kwa hiyo mpe mgeni wako jina lako kamili, mtaa, na namba ya simu, vyote kwenye karatasi, maana simu huzimika. Siku hiyo wewe mwenyewe pokea simu hata ikiwa namba ngeni.

Wapo ambao dirisha haliwezi kuwasaidia. Raia wa baadhi ya nchi, kama Afghanistan, lazima maombi yao yakubaliwe na makao makuu ya Uhamiaji kabla ya safari. Huyo hata awe na dola mkononi, afisa wa zamu hana mamlaka ya kumpa viza.

Shirika linalomleta binti wa Kizungu kufundisha shuleni kwetu wiki sita limemwambia aseme ni mtalii. Ni sawa? (Karatu)

Si sawa, na anayeumia ni binti, shirika halitakuwepo pale dirishani. Viza ya utalii ni ya kutembea. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na mwenyeji ndiye anayepaswa kukishughulikia mapema. Anayekuja kwa kazi fupi ya kibiashara ana viza yake ya dola 250.

Afisa akifungua begi akakuta vitabu vya kufundishia na barua ya mwalimu mkuu, hata yale ya kweli atakayosema baadaye hayataaminika. Nimeona mabinti wa miaka kumi na tisa wakilia kwa uongo waliofundishwa na watu wazima, na lawama naiweka kwa hao watu wazima. Aseme kweli, na karatasi ziwe zimekwisha andaliwa.

Mwanangu kazaliwa Minnesota, ana pasipoti ya Marekani tu. Mimi ni Mtanzania. Kwa nini alipishwe viza kwenda kwa bibi yake? (msomaji wa ughaibuni)

Dada yangu, nakuelewa, na swali lako linauma. Ila afisa anasoma kitabu alichopewa. Mtoto akionesha pasipoti ya Marekani, hapo dirishani yeye ni Mmarekani, na dola 100 zitalipwa hata akiwa na miezi minne.

Sheria yetu haina uraia pacha kwa watu wazima, lakini mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi zote mbili hadi afike miaka 18. Basi muombee pasipoti ya Tanzania ubalozini kabla ya safari, kwa cheti chake cha kuzaliwa na hati zako. Usingoje wiki ya mwisho. Na ukisafiri naye bila baba yake, beba barua ya ridhaa ya baba. Afisa akiuliza, hajakutukana. Anatafuta mtoto aliyeibwa, na akimkosa mmoja hatalala.

Mimi ni Mkenya wa Kajiado. Nasikia Waganda wanaingia kwetu kwa kitambulisho. Naweza kuja Arusha hivyo? (Kajiado)

Hapana, ndugu. Mpango wa kitambulisho, ulioanza mwaka 2014, ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Viza huhitaji, na kama mwana Jumuiya ya Afrika Mashariki utagongewa hadi miezi sita bila malipo, lakini sharti uwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania. Mkenya anakugongea kutoka, dirisha la jirani Mtanzania anakugongea kuingia. Usikubali kijana wa bodaboda akupitishe njia ya panya ili uokoe dakika ishirini. Ukikamatwa Longido huna muhuri, hutaeleweka kirahisi hata kama una pasipoti mfukoni.

Kwenye kituo kimoja niliombwa dola 20 "za kuharakisha", bila risiti. Nilitoa. Nilikosea? (hakutaja alipo)

Uliogopa, na aliyekuogopesha ndiye mkosaji. Hakuna ada ya kuharakisha dirishani. Fedha halali ina namba ya malipo na risiti yenye jina lako. Siku nyingine sema kwa upole, "Naomba namba ya malipo." Aliyekuomba akisita, omba kumwona mkuu wa zamu, maana huwepo kila zamu. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Inaniuma kusoma barua kama hii, kwa kuwa wenzangu wengi wamesimama usiku kucha bila kugusa shilingi ya mtu.

Ukikataliwa kuingia, unafungwa? (Mbeya)

Kwa kawaida hapana. Shirika la ndege lililokuleta ndilo linalopaswa kukurudisha, na ndiyo sababu wahudumu wao hukagua viza yako kabla hujapanda. Unasubiri uwanjani. Omba sababu iandikwe, omba maji, omba kupiga simu kwa ubalozi wako. Usigombane, usipasue karatasi.

Na anayekimbia vita, hana viza wala pasipoti? (Kasulu)

Huyu hapimwi kwa viza. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini, na ule wa Afrika wa 1969 unakataza hata kumzuia mpakani. Afisa wa mpakani hana kazi ya kuamua nani ni mkimbizi. Kazi yake ni kumsikiliza, kumwandika, na kumkabidhi kwa wanaohusika na wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Anayeomba hifadhi aseme waziwazi, kwa lugha yoyote: naogopa kurudi.

Mei 2015 maelfu ya Warundi walifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara. Meli ya Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini, huku kipindupindu kikiwaandama. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioongezwa Kigoma kuandikisha. Mama mmoja hakuwa na karatasi yoyote, ila alifungua pindo la kitenge akatoa kadi ya kliniki ya mwanawe, imefungwa nailoni mara tatu. Ilikuwa na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, na jina la zahanati waliyoiacha. Tukaanzia hapo kuandika.