Sala ya asubuhi na zamu ya Ijumaa

SWALI: Nasimamia hoteli ndogo hapa Malindi yenye wafanyakazi 16, Wakristo na Waislamu. Kila asubuhi mkutano wa zamu huanza kwa sala na Neno. Waislamu husubiri nje ya mlango, na kila Ijumaa ni malalamiko ya kukosa msikiti. Mimi ni Mkristo, sitaki kuacha sala. Nifanyeje?
Meneja, Malindi

JIBU: Ndugu meneja, sala usiiache. Itenge tu na mkutano wa kazi. Shida iko pale mlangoni: aliyesubiri nje akiingia, vyumba vimeshagawanywa, naye anabakiziwa vya ghorofa ya juu, tena habari za wageni wapya zimempita. Sala iwe saa moja na robo kwa apendaye, bila kuandika nani amekuja. Saa moja na nusu mkutano uanze, watu wote ndani, na vyumba vigawanywe kwa mzunguko ulioandikwa ubaoni. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza kumlazimisha mtu atende kinyume na imani yake, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa dini kazini.

Ijumaa ni ngumu zaidi, maana chakula cha mchana huangukia saa ileile ya sala ya msikitini. Saa sita na nusu hadi saba na nusu, Wakristo washike meza na mapokezi; Jumapili asubuhi, Waislamu wawashikie. Yaandikeni kwenye ratiba wiki mbili kabla. Makubaliano ya mdomo huvunjika wageni wakijaa Desemba, na wa kwanza kunyimwa ni vibarua. Na Mgiriama anayefuata dini ya jadi, asiyedai Ijumaa wala Jumapili, msimfanye kiraka cha kila pengo: siku moja ya kupumzika katika kila saba ni haki yake kisheria.

Kama unatafuta mfano wa Kikristo, fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliwaita wanafunzi wote, wakachaguliwa watu 7 wa kusimamia mgao, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Kwa hiyo unapokaa kupanga ratiba ya wiki ijayo, mmoja wa wale wanaosubiri mlangoni akae nawe, naye awe na kalamu yake.